MeSH au maneno yako mwenyewe? Ulinganisho kwa anayetafuta makala za tiba

Kaa nusu saa karibu na dirisha la mapokezi la zahanati yoyote hapa Tabora, usikilize. Mmoja anasema ana presha. Wa pili, mwalimu mstaafu, anasema shinikizo la damu. Wa tatu kaja na karatasi iliyoandikwa BP. Muuguzi hababaiki, kwenye rejista wote watatu wanaingia chini ya neno moja. Halafu anafika mama anayesema binti yake ameanguka kifafa, na binti huyo ana mimba ya miezi minane. Hapo muuguzi anaacha kalamu na kukimbia, kwa kuwa anajua kifafa na kifafa cha mimba ni majina yanayofanana ya magonjwa mawili tofauti kabisa.

Kazi anayoifanya muuguzi huyo kichwani ndiyo inayofanywa na msamiati uliodhibitiwa katika maktaba ya tiba. Maneno mengi ya kitu kimoja yanakusanywa chini ya jina moja, na neno moja lenye maana mbili linatenganishwa. Mimi ni mkutubi wa chuo cha afya, na swali ninaloulizwa mezani kuliko yote ni hili: nitafute kwa vichwa vya MeSH, au niandike tu maneno yangu? Nimeona watu wakijibiwa kwa mkato, "tumia MeSH, ndiyo ya kitaalamu," wakaenda zao na kukosa makala waliyoihitaji. Kwa hiyo nitalinganisha kwa mfano wa swali la kweli, kwa sababu jibu linatoka kwenye swali lenyewe.

Kwanza tujue tunalinganisha nini. MeSH, kifupi cha Medical Subject Headings, ni orodha ya vichwa vya mada inayotunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyoko Bethesda katika jimbo la Maryland. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 1960 ikiwa na vichwa elfu nne na ushei. Leo vimepita 30,000, na orodha inapitiwa upya kila mwaka. Kila makala inayoingia kwenye hazina yao ya MEDLINE inapewa vichwa kadhaa, mara nyingi 10 hadi 15, vinavyosema inahusu nini, hata kama mwandishi alitumia maneno mengine kabisa. Sisi tunaifikia hazina hiyo kupitia PubMed, ambayo ni bure kwa kila mtu tangu 1997 na sasa ina rekodi zaidi ya milioni 35. Upande wa pili ni maneno huria: unaandika unachokifikiria, na kompyuta inatafuta maneno hayohayo kwenye jina la makala na muhtasari wake.

Swali moja lenye maswali mawili ndani

Msimu wa kulina asali uliopita alinijia binti anayesomea utabibu, kwao wilaya ya Kaliua hapa mkoani Tabora.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Umekwama wapi?"

Akafungua daftari. Mjomba wake ni mlina asali, hukaa msituni siku nyingi katikati ya mbung'o, na aliwahi kuugua malale. Binti akaamua kuandika ripoti yake juu ya ugonjwa huo. Swali alikuwa ameliandika kwa kalamu nyekundu: matibabu ya sasa ya malale, na hali ya malale Urambo na Kaliua. Alikuwa ametafuta kwa simu siku mbili, bando la wiki limekwisha, na makala alizopakua zilimchanganya. Tatu kati yake zilisifu mchanganyiko wa dawa mbili, nifurtimox na eflornithine, nyingine zilizungumzia dawa za suramin na melarsoprol, na moja ilikuwa ya panya wa maabara.

Nikamwambia hapo kuna maswali mawili, na kila moja lina mlango wake.

Tuanze na la matibabu. Malale ya binadamu ni ya aina mbili. Ile inayoletwa na kimelea Trypanosoma brucei gambiense iko Afrika Magharibi na ya Kati, hasa Kongo, na ndiyo yenye zaidi ya wagonjwa tisa katika kila kumi wanaoripotiwa. Ya kwetu, ya Afrika Mashariki na Kusini, inaletwa na Trypanosoma brucei rhodesiense, na inakwenda mbio zaidi. Mchanganyiko wa nifurtimox na eflornithine ni tiba ya gambiense. Kwa rhodesiense, kwa miaka mingi dawa zilikuwa suramin kwa hatua ya kwanza na melarsoprol, yenye arseniki ndani yake, ugonjwa ukishafika kwenye ubongo. Binti aliandika sleeping sickness treatment, na kompyuta ikamletea kila kilichobeba maneno hayo. Kwa kuwa wagonjwa wengi wako Kongo, makala nyingi nazo ni za kule. Mtu wa Kigoma anayeiona Kongo ng'ambo ya ziwa anaweza kudhani za kule ni zilezile za huku. Hilo ni kosa linaloweza kumfikia mgonjwa.

Kwa swali la namna hii MeSH inashinda wazi, nami sina shaka nalo. Inacho kichwa "Trypanosomiasis, African" kwa ajili ya ugonjwa, na inacho kichwa cha peke yake cha kila kimelea, ikiwemo "Trypanosoma brucei rhodesiense". Pia ina vichwa vidogo zaidi ya 70 unavyoweza kuvining'iniza kwenye kichwa kikubwa ili kusema unataka upande gani: uchunguzi, epidemiolojia, tiba ya dawa. Tulifanya hivi: kichwa cha ugonjwa pamoja na kichwa kidogo "drug therapy", tukaunganisha na kichwa cha kimelea kwa neno AND, linalotaka makala iwe na vyote viwili. Orodha ikafupika kiasi cha kusomeka kwa kikao kimoja. Kwenye mada hiyohiyo kuna utafiti uliofanyika Malawi na Uganda wa fexinidazole, dawa ya vidonge, kwa wagonjwa wa rhodesiense, na baada yake mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 ulioiweka dawa hiyo mbele, hatua zote mbili za ugonjwa, kwa wenye umri wa miaka 6 na kuendelea na uzito wa kilo 20 au zaidi. Binti alikaa kimya akisoma. Kumbe mjomba wake alitibiwa kwa sindano, na leo kuna vidonge.

Lakini hata MeSH inataka macho. Ukisoma maelezo ya kichwa "Trypanosomiasis, African" utaona kinahusu watu na wanyama pamoja, na nagana ya mifugo imetajwa humohumo. Ndiyo maana unaongeza kichwa "Humans", la sivyo utachanganyiwa ng'ombe na wagonjwa. Tena vichwa vimepangwa kama mti, na PubMed usipoizuia inachukua tawi pamoja na vitawi vyake vyote. Ukipanda ngazi moja juu na kuandika "Trypanosomiasis" peke yake, unaletewa pia ugonjwa wa Chagas wa Amerika ya Kusini, ambao hauna mbung'o wala msitu wa miombo.

Mti huohuo ukiutumia vizuri ni msaada mkubwa. Mkunga anayetafuta habari za presha ya ujauzito akichukua kichwa "Hypertension, Pregnancy-Induced" anapata humo humo kifafa cha mimba na dalili zake za awali, bila kuandika kila jina. Kwa maneno huria angelazimika kuyakumbuka yote mwenyewe, na usiku wa zamu kichwa kimechoka.

Sasa swali la pili, la Urambo na Kaliua

Hapa mambo yanageuka. Mti wa MeSH una tawi la mahali, na Tanzania imo. Tawi linaishia hapohapo. Tabora haina kichwa, Kigoma haina, achilia mbali Kaliua. Ukitafuta kwa vichwa tu, makala ya Urambo itakuja imechanganyika na za Serengeti, na wewe ndiye wa kuchambua moja moja. Kwa swali la mahali petu, maneno huria ndiyo njia, wala usiogope kuambiwa si ya kitaalamu. Unaandika Tabora OR Urambo OR Kaliua OR Sikonge, ambapo OR inakubali jina lolote kati ya hayo, unaelekeza utafutaji kwenye jina la makala na muhtasari tu, kisha unaunganisha na ugonjwa.

Kwa nini jina na muhtasari tu? Ukiliacha neno Tabora lielee kila mahali, litanasa anwani za waandishi, maana Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo hapa mjini, na mtafiti wa hapa huweza kuandika juu ya mji wowote. Litanasa hata majina ya watu, kwani Tabora ni jina la ukoo huko Honduras. Na kama unataka makala za zamani, kabla ya 1964, kumbuka kuandika Tanganyika.

Upande huu nilijifunza kwa kuumia. Miaka kadhaa nyuma muuguzi mmoja aliniuliza kama kuna lolote lililoandikwa juu ya tatizo fulani la wajawazito katika wilaya yetu mojawapo. Nilitafuta kwa vichwa, kwa ustadi wote niliofundishwa, nikamjibu hakuna. Akaandika hivyo kwenye pendekezo lake. Baadaye akaipata makala hiyo mwenyewe, tena ilikuwa PubMed muda wote. Jarida lake halikuwa kwenye MEDLINE. Makala ilikuwa imeingia kupitia hazina ya makala kamili iitwayo PMC, na makala za namna hiyo hazipewi vichwa vya MeSH. Anayetafuta kwa vichwa peke yake anazipita kama mtu anayepita nyumba isiyo na namba. Niliona aibu mbele yake, na tangu siku hiyo neno "hakuna" silitamki kabla ya kutafuta kwa njia zote mbili. Majarida mengi madogo ya Afrika yako katika hali hiyohiyo, kwa hiyo anayeuliza habari za kwetu ndiye anayeumia zaidi akitegemea MeSH peke yake.

Tahajia, wakati, na mashine inayoorodhesha

Maneno huria yana maadui wawili wa kudumu. Wa kwanza ni tahajia. Sisi tumefundishwa Kiingereza cha Uingereza, tunaandika anaemia. Mmarekani anaandika anemia. Chukua selimundu. Kuna anayeandika sickle cell disease, kuna anayeandika sickle cell anaemia, kuna aliyesomea upande wa Kifaransa anayeandika drepanocytosis, na kuna anayeandika herufi za himoglobini tu, kama HbSS. Kichwa "Anemia, Sickle Cell" kinawakusanya wote hao. Wa pili ni desturi za fani: madaktari wa mifugo wengi huandika trypanosomosis pale ambapo madaktari wa watu huandika trypanosomiasis. Dawa yake kwa maneno huria ni kinyota (*): andika trypanosom halafu kinyota mwishoni, bila nafasi, na miisho yote itanaswa. Kinyota kinataka angalau herufi nne mbele yake.

MeSH nayo ina adui wake, na ni muda. Jambo jipya huja duniani kabla kichwa chake hakijazaliwa. UVIKO-19 ulianza mwishoni mwa 2019, lakini kichwa "COVID-19" kilikaa rasmi kwenye orodha ya mwaka 2021. Aliyetafuta mwanzoni kabisa alihitaji maneno huria. Dawa mpya nazo ni hivyohivyo. Fexinidazole tuliitafuta pia kwa jina lake, kama neno la kawaida, ili tusiachwe.

Zamani kulikuwa na ucheleweshaji mwingine: makala ilisubiri wiki au miezi hadi mtaalamu aisome na kuipa vichwa. Tangu 2022 kazi hiyo inafanywa na programu ya kompyuta, na watu wanakagua baadhi tu. Makala zinapata vichwa upesi, na hilo ni jema. Ila mashine inaweza kuweka kichwa kisichostahili, au kukiacha kinachostahili, na mimi nimeanza kusoma muhtasari kwa makini zaidi kuliko nilivyokuwa nikifanya enzi za wasomaji binadamu.

PubMed inachokifanya bila kukuambia

Wengi wanadhani wakiandika maneno yao kwenye kisanduku wanatafuta kwa maneno huria. La. PubMed inachukua maneno yako, inayalinganisha na majina ya pembeni ya MeSH, yaani majina mengine ya kitu kilekile yaliyowekwa chini ya kila kichwa, na ikipata yanayofanana inaongeza kichwa chenyewe kimyakimya. Ukiandika heart attack, inatafuta pia "Myocardial Infarction". Ndiyo sababu mtu asiyejua MeSH kabisa bado anapata matokeo yenye maana. Lakini ukiweka alama za kunukuu, au kinyota, tafsiri hiyo inazimwa. Binti wa Kaliua alikuwa ameweka alama za kunukuu kwenye sleeping sickness kwa nia njema, akidhani anabana utafutaji, kumbe amefunga mlango uliokuwa ukimsaidia. Nenda kwenye ukurasa wa utafutaji wa kina, fungua maelezo ya utafutaji wako, utaona kilichotafutwa neno kwa neno. Ningekuwa na dakika tano tu za kumfundisha mtu, ningemfundisha kusoma sehemu hiyo.

Kuna njia ya kupata vichwa bila kuvikariri. Tafuta kwa maneno yako hadi upate makala moja nzuri kabisa. Shuka chini ya muhtasari, utakuta vichwa vya MeSH vimepangwa, na vile vyenye nyota ndivyo kiini cha makala. Bonyeza kimoja, kiongeze kwenye utafutaji wako. Makala moja nzuri inakufungulia nyingine kumi, na kwa mwenye bando dogo hiyo ni nafuu ya kweli, kwani muhtasari haula chochote ukilinganisha na kupakua makala nzima.

Nje ya PubMed niseme kwa kifupi. Google Scholar haina msamiati uliodhibitiwa, haikuonyeshi zaidi ya matokeo 1,000, na mpangilio wake huwezi kuukagua. Ni nzuri kwa kusaka ripoti na tasnifu za vyuo vyetu, ambazo PubMed haina. Embase ina msamiati wake uitwao Emtree, wenye maneno mengi zaidi hasa upande wa dawa, lakini ni ya kulipia. Usijisumbue nayo kama chuo chako hakijalipia. African Index Medicus, ya Shirika la Afya Duniani, ndiyo ninayowasihi wenzangu waijue, kwa sababu inaokota majarida ya Afrika ambayo MEDLINE imeyaacha. Na ukishapata jina la makala iliyofungwa, uliza kama taasisi yako imejiandikisha Hinari, mpango ulioanza 2002 wa kuzipa nchi kama yetu makala bure au kwa bei nafuu.

Basi uchague vipi?

Jiulize unaogopa nini zaidi: kukosa, au kuzama. Tabibu aliye zamu mwenye mgonjwa kitandani anaogopa kuzama. Huyo achukue MeSH, kichwa kimoja chenye nyota na kichwa kidogo cha tiba, asome makala tano, arudi wodini. Mwanafunzi anayeandika juu ya wilaya yake anaogopa kukosa, maana makala ni chache na kila moja ina uzito. Huyo aanze na maneno huria na majina ya mahali. Anayefanya mapitio kamili ya utafiti hana ruhusa ya kuchagua: kila wazo liandikwe kwa kichwa cha MeSH na kwa maneno huria, viunganishwe kwa OR, ndipo mawazo yaunganishwe kwa AND.

Mimi mwenyewe, kama ningelazimishwa kumpa njia moja mfanyakazi wa afya wa hapa asiye na mkutubi karibu, ningempa MeSH kwa ugonjwa na maneno huria kwa mahali, katika mstari mmoja. Najua wapo wakutubi watakaosema mstari huo unapoteza makala zisizo na vichwa, na ni kweli. Kwa mtu wa zamu nitaikubali hasara hiyo. Kwa ripoti sitaikubali.

Binti tulimwandikia mistari miwili ndani ya jalada la daftari, wa matibabu na wa mahali. Wa matibabu ulikuwa na vichwa vya MeSH pamoja na jina la ile dawa mpya. Wa mahali ulikuwa na kichwa cha ugonjwa na trypanosom yenye kinyota kwa OR, kisha majina ya wilaya, na ukaleta makala chache ambazo simu yake haikuwa imezionyesha. Kabla hajaondoka aliuongezea jina la kijiji cha mjomba wake. Tukabonyeza, ikaja sifuri. Nikamwambia aiandike vivyo hivyo kwenye ripoti, pamoja na tarehe na maneno yote tuliyotafutia, ili atakayekuja baada yake ajue pametafutwa namna gani.